Kuihudumia Mashine ya Boti Msimu wa Kusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yametokana na maswali ambayo wenye boti ndogo za matembezi na za uvuvi wa burudani, kuanzia Kilifi na Shimoni hadi Tanga, Unguja na Msasani, huyarudia kila mwaka upepo wa kusi unapokaribia. Yanahusu zaidi mashine za kupachika nyuma ya boti, kwa kuwa ndizo zilizo nyingi. Injini za ndani zimewekewa swali lake karibu na mwisho. Pale ambapo kitabu cha mashine yako kinatofautiana na yaliyoandikwa hapa, fuata kitabu.

## Mambo ya msingi

Je, ni lazima kuihudumia mashine kila msimu hata kama ilifanya kazi kidogo?

Ndiyo, na mara nyingi mashine iliyofanya kazi kidogo ndiyo inayohitaji uangalizi zaidi. Watengenezaji wengi hupanga sevisi kila baada ya saa 100 za kazi au kila mwaka, lolote litakalotangulia, na mtu anayetoka Jumapili mbili kwa mwezi hudhani kwamba kwa kuwa hajafikisha saa 100 hana deni. Chumvi iliyobaki katika njia za maji haihesabu saa za kazi. Hula alumini usiku na mchana, huku petroli ikichacha ndani ya kabureta na mpira wa impela (kigurudumu chenye mapezi ndani ya pampu ya maji) ukikakamaa katika umbo ulilolalia. Mashine inayowashwa kila siku angalau hupeleka oili kwenye beringi zake. Iliyosimama miezi minne hukauka, na unyevu wa pwani huingia pale oili ilipoondoka.

Nianze lini?

Anza mara tu unapojua kwamba safari ya mwisho ya msimu imekwisha. Kwa wengi wetu huo ni mwezi wa Aprili, masika yanapoanza na kaskazi imekwisha kutupa mgongo, kabla kusi haijakaza kati ya Juni na Agosti. Kosa la kawaida ni kuivuta boti pwani, kuifunika, kisha kungoja hadi Oktoba ndipo vifaa vitolewe. Karibu kila kitu kinachoharibu mashine hutokea katika miezi hiyo ya kungoja, kwa hiyo kazi inayofanywa mwanzoni huzuia, na inayofanywa mwishoni hurekebisha tu, kwa gharama kubwa zaidi.

Maelekezo mengi yanataja dawa ya kuzuia maji yasigande ndani ya injini. Je, ninaihitaji?

Huihitaji. Maelekezo hayo yameandikwa kwa ajili ya nchi ambazo maji huganda wakati wa baridi. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo huweza kupasua bloku ya chuma. Pwani yetu haijui baridi ya namna hiyo. Hata hivyo, wasomaji wengi hufuata maelekezo hayo neno kwa neno, wakanunua dawa wasiyoihitaji, kisha wakapuuza mambo mawili ambayo huko hutajwa kwa kupita tu lakini huku ndiyo kiini cha kazi nzima: chumvi na unyevu. Katika majibu yote yanayofuata, adui ni hao wawili, na wa tatu ni petroli iliyokaa. Anayeishi penye theluji atazame swali lake mwishoni.

Kazi zipi ninaweza kuzifanya mwenyewe, na zipi nimwachie fundi?

Mtu mwangalifu mwenye seti ya spana, bisibisi nzuri, pampu ndogo ya oili ya gia, bomba la grisi na kitabu cha mashine yake anaweza kufanya kila kitu kilichoelezwa hapa. Mwachie fundi kurekebisha nafasi za valvu, kubadili mkanda wa taimingi, kufungua gia boksi ili kuweka sili mpya, na uchunguzi wowote wa kompyuta ya injini. Kubadili impela kuko katikati: mara ya kwanza ifanye mbele ya mtu aliyekwisha kuifanya.

## Chumvi na mfumo wa kupoza

Mashine inasuuzwaje ipasavyo?

Zipo njia tatu. Ya kwanza ni kutumia vikombe viwili vya mpira vinavyobana matundu ya kuvutia maji, vikiwa vimeunganishwa na mpira wa bomba. Hapa mashine huwashwa na kuachwa ikinguruma taratibu bila gia kwa dakika 10 hadi 15, na maji lazima yafunguliwe kabla ya kuwasha. Ya pili, ambayo huku ndiyo ya wengi, ni kuiteremsha mashine ndani ya pipa la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yaliyofunika matundu hayo kwa kina cha kutosha. Ya tatu ni kuunganisha mpira moja kwa moja na kiunganishi cha kusuuzia kilichopo kwenye mashine nyingi za mapigo manne (four-stroke). Njia hii ya tatu kwa kawaida hufanywa mashine ikiwa imezimwa, kwa sababu maji hayo hayapiti kwenye pampu, na ukiwasha impela itazunguka kavu.

Katika njia mbili za kwanza, vua propela kabla ya kuwasha. Mtu anayeshika kikombe cha mpira yuko sentimita chache kutoka kwenye propela, na gia hujiingiza kwa kuguswa tu.

Muda una maana kuliko wengi wanavyodhani. Katika mashine zenye thamostati, maji hayafiki kila pembe ya bloku hadi thamostati ifunguke, na haifunguki hadi injini ipate moto. Kusuuza dakika mbili wakati mashine bado ni baridi huosha mlango na kuacha chumba kichafu.

Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Yanafaa?

Yanafaa kwa suuzo la kila siku, kwa kuwa ni bora kuliko kuacha maji ya bahari yakaukie ndani. Kwa suuzo la mwisho kabla ya kuihifadhi mashine hayatoshi. Masika yapo: kinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati ndani ya pipa la lita 200, uyatumie siku hiyo moja. Ni maji safi kuliko ya mabomba mengi.

Mkondo mwembamba wa maji unaotoka pembeni mwa mashine umedhoofika. Nini maana yake?

Mkondo huo ndio ushahidi pekee wa macho kwamba pampu inafanya kazi, na ukidhoofika zima mashine kwanza, uchunguze baadaye. Anza na kilicho chepesi: ingiza waya mwembamba au uzi wa nailoni katika tundu la kutokea, maana mara nyingi chembe ya mchanga au mdudu aliyejenga humo ndiye mwenye kosa. Kisha angalia matundu ya kuvutia maji kama yamezibwa na mfuko wa plastiki au mwani. Vyote vikiwa safi, tuhumu impela. Na kama impela ni mpya lakini mashine bado inapata moto, fungua thamostati uitumbukize katika sufuria ya maji unayoyachemsha. Ikibaki imefunga hadi maji yanachemka, imekufa.

Impela ibadilishwe lini, na kazi yenyewe ikoje?

Katika maji chumvi, kila mwaka. Ni kipande cha mpira cha bei ndogo kinacholinda injini ya mamilioni, na sioni hesabu inayomfaa mtu kuiacha mwaka wa pili.

Injini ikiwa wima na kamba ya kuzimia imechomolewa, fungua bolti zinazoishika sehemu ya chini, kwa kawaida nne hadi sita, na mojawapo mara nyingi imefichwa chini ya anodi (kipande cha kukinga mashine isiliwe, kitakachoelezwa mbele) iliyo juu ya propela. Tenganisha fimbo ya gia kabla ya kuvuta, na andika gia ilikuwa wapi, kwa sababu fimbo ikirudishwa ikiwa mahali pengine gia hazitaingia sawasawa. Sehemu ya chini ikishuka utaona nyumba ya pampu. Ndani yake kuna impela, kipini kidogo kinachoifunga na shafti, na bamba la chuma chini yake. Bamba au nyumba vikiwa na mikwaruzo inayokwama kucha, vibadilishe pia.

Paka mapezi ya impela mpya sabuni ya maji au gliserini, wala usitumie grisi ya petroli, kisha uiingize huku ukizungusha shafti upande inakozunguka wakati wa kazi, yaani upande wa mishale ya saa ukiitazama kutoka juu, ili mapezi yalale vizuri. Hesabu mapezi ya impela ya zamani. Likikosekana hata moja, limo ndani ya njia za maji, na usiporidhika kwamba umelipata litakuja kuziba mahali usipopafikia. Meno ya shafti yapake grisi ubavuni, lakini ncha yake ya juu iache kavu, kwa kuwa grisi ikibanwa hapo huizuia shafti kukaa mahali pake.

## Petroli na oili

Nifanye nini na petroli iliyobaki kwenye tangi?

Jibu hutegemea aina ya mashine. Kwa mashine za kabureta zenye tangi la kubebeka, ikiwemo Yamaha Enduro iliyoenea sana pwani, njia bora ni kulimaliza: mimina petroli iliyobaki katika chombo safi uitumie mahali pengine mapema, kisha chomoa mpira wa mafuta na uiache mashine iungurume katika pipa la maji hadi izime yenyewe. Hata ikizima, kikombe cha kabureta hubaki na mafuta kidogo chini. Fungua skrubu ya kumwagia uyatoe. Tone hilo ndilo linalokauka na kuwa gundi ya rangi ya asali inayoziba jeti.

Mashine za mapigo manne zenye nozeli, yaani zinazonyunyiza petroli bila kabureta, hazikaushwi hivyo. Kwa hizo, weka dawa ya kuhifadhi petroli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, washa kwa dakika 10 hadi 15 ili petroli yenye dawa ifike hadi kwenye nozeli, na tangi lisiloondoleka liache karibu limejaa. Tangi tupu lina hewa nyingi, hewa ya pwani ina unyevu, na usiku unyevu huo hugeuka matone yanayoteremka chini ya petroli. Badilisha filta ya kutenga maji katika siku hiyohiyo.

Uwiano wa oili katika mashine ya mapigo mawili ni upi?

Kwa mashine nyingi ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, yaani mililita 500 katika tangi la lita 25. Mashine mpya inapozoeshwa hupewa oili mara mbili ya hiyo, sehemu 25 kwa moja. Tumia oili ya boti yenye alama ya TC-W3; oili ya pikipiki imetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa hewa na zenye joto tofauti. Kuongeza oili “kwa usalama” si usalama, kwa sababu hujaza kaboni kwenye plagi na pete za pistoni.

Oili ya injini ya mapigo manne nibadilishe kabla ya kuihifadhi au nitakaporudi majini?

Kabla. Oili iliyotumika imebeba asidi, maji na mabaki ya moto, na ukiiacha ndani miezi minne unaviacha vyote vikigusa beringi. Ibadilishe ikiwa na joto, pamoja na filta yake, kisha washa dakika chache ili oili mpya ienee. Chagua iliyoandikwa FC-W, ambayo imewekewa kinga dhidi ya kutu.

Oili ya gia imetoka nyeupe kama maziwa. Je, mashine imeharibika?

Bado, lakini maji yameingia, na ukiyaacha humo beringi na gia zitapata kutu wakati boti imelala. Sababu ya kawaida ni sili ya shafti ya propela kukatwa na mshipi wa kuvulia uliojizungusha nyuma ya propela, au vishikizo (vipete vya kuzibia) vya skrubu za oili kurudishwa vile vile vya zamani. Vishikizo hivyo ni vya kutumia mara moja.

Namna ya kubadili ni hii. Mashine ikiwa wima, fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, uache oili yote imwagike. Tazama ncha ya skrubu kama ina sumaku: unga laini wa chuma ni wa kawaida, vipande si vya kawaida. Jaza kwa kusukuma oili mpya kutoka tundu la chini hadi itoke juu bila mapovu. Funga ya juu kwanza, ndipo uondoe pampu na kufunga ya chini haraka. Anayejaza kutoka juu hunasa hewa ndani, akadhani imejaa. Oili ikiwa ya maziwa, badilisha mara moja, tembeza mashine kidogo katika pipa, uitazame tena. Ikirudi nyeupe, sili imekufa na kazi hiyo ni ya fundi.

Oili chafu niipeleke wapi?

Kwenye gereji inayokusanya oili chafu, ndani ya dumu lililofungwa. Isimwagwe mchangani wala chini ya mikoko. Ufuko tunaopandishia boti zetu ndio ambao akina mama huokota chaza na kombe maji yanapokupwa.

## Silinda, plagi, umeme na chuma

Silinda zinalindwaje na kutu?

Baada ya suuzo la mwisho na petroli kushughulikiwa, vua plagi, nyunyiza oili ya kuhifadhia katika kila tundu, kisha zungusha injini polepole kwa kamba mara kadhaa huku kamba ya kuzimia ikiwa imechomolewa. Mahali pasipopatikana dawa hiyo ya kopo, kijiko kimoja cha oili safi ya mashine hiyohiyo kwa kila silinda hutosha. Rudia kuzungusha kila mwezi. Ni kazi ya dakika tano, nami nimeshuhudia mashine nzuri ikikwama pistoni mwezi wa Septemba kwa kukosa dakika hizo.

Plagi mpya ziwekwe mwishoni mwa msimu wa mapumziko, kwani za zamani zitachafuliwa na oili hiyo. Kaza kwa vidole hadi mwisho, kisha robo hadi nusu ya mzunguko kwa spana.

Anodi ni nini, na kwa nini yangu inaliwa haraka?

Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji chumvi, umeme mdogo hupita kati yake, na ile dhaifu huliwa. Anodi ni kipande kilichowekwa makusudi ili kiliwe badala ya mashine. Kuliwa kwake ni dalili njema. Anodi iliyokaa miaka mitatu ikiwa nzima ndiyo ya kutiliwa shaka, maana pengine imepakwa rangi au haigusi chuma. Ibadilishe inapofikia nusu, usugue mahali inapokaa hadi chuma king’ae, wala usiipake rangi kamwe. Ikiwa inaisha kwa wiki chache, tafuta umeme unaovuja kutoka kwenye betri au pampu ya kutolea maji.

Betri itunzwe vipi?

Itoe, ipeleke ndani, ichaji kila mwezi. Betri ya asidi iliyojaa husoma takriban volti 12.6 ikiwa imetulia. Ikikaa muda mrefu chini ya 12.4 risasi yake huanza kuota gamba lisilotoka kwa kuchaji.

## Kuhifadhi na kurudi majini

Mashine ikae wima au ilazwe?

Wima, kwenye boti au kwenye stendi, ili maji yote yashuke. Ikiinuliwa, maji hubaki katika bomba la moshi na katika kitovu cha propela. Vua propela, ondoa mshipi, paka grisi meno ya shafti, na uweke pini mpya. Funika kwa turubai linaloruhusu hewa kupita. Plastiki iliyobana hufanya joto na umande, na chini yake kutu hukua haraka kuliko nje. Ziba matundu kwa kitambaa cha rangi kali ili nyigu wasijenge na usikisahau utakapowasha.

Siku ya kwanza ya kurudi, nianze na nini?

Jaza pampu ya mkono ya petroli hadi iwe ngumu na unuse kama pana uvujaji. Washa katika pipa, si baharini. Mkondo wa maji uonekane ndani ya dakika moja. Jaribu gia, usukani na kamba ya kuzimia. Safari ya kwanza ifanyike ndani ya mwamba, maji yakiwa yamejaa, pamoja na boti ya mwenzako. Mkondo wa Pemba na nduaro wake hawatahama kwa wiki moja.

## Hali za pekee

Boti yangu iko Mwanza. Je, haya yote yananihusu?

Karibu yote, isipokuwa chumvi. Katika maji baridi anodi za zinki hujifunika gamba na kuacha kufanya kazi, hivyo tumia za magnesi au alumini. Za magnesi usizipeleke baharini, zitaisha mara moja. Magugumaji huziba matundu ya kuvutia maji, kwa hiyo yakague kila safari. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban sehemu ya kumi ya nguvu zake hapo. Propela ya hatua fupi kidogo huisaidia.

Ninaishi Ulaya au Kanada, na boti yangu hulala kwenye theluji.

Kwako jibu kuhusu dawa ya kuzuia kuganda hugeuka. Mashine ya kupachika ikisimama wima hujimwaga yenyewe, na mara nyingi hiyo hutosha, lakini hakikisha gia boksi haina maji. Injini ya ndani lazima imwagwe maji kwa vizibo vyake vyote au ijazwe dawa isiyo na sumu.

Injini yangu ni ya ndani na hutumia petroli. Kuna tofauti gani?

Tofauti kubwa ni mvuke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hujikusanya chini ya sakafu ya boti. Washa feni ya kutolea mvuke kwa angalau dakika nne kabla ya kuwasha injini, fungua kifuniko, na unuse. Usitumie stati ya gari la kawaida badala ya ya boti, kwa kuwa haikufungwa dhidi ya cheche.

Mashine imeanguka majini na kuzama. Nina muda gani?

Saa chache tu, na saa hizo huanza kuhesabiwa mashine inapotoka majini. Chini ya maji hewa ni kidogo na kutu huenda polepole. Ikishatolewa, chumvi na hewa hukutana juu ya chuma kitupu. Kwa hiyo andaa maji baridi, oili na vifaa kabla ya kuitoa.

Ikitoka, isuuze yote kwa maji mengi baridi, vua plagi, ielekeze matundu chini na uzungushe taratibu ili maji yatoke. Ikikataa kuzunguka, usilazimishe: ikiwa ilikuwa inanguruma ilipozama, huenda fimbo ya pistoni imepinda. Ikizunguka huru, mwaga kabureta na mafuta yote, badilisha oili kama ni ya mapigo manne, tia oili katika silinda, kausha nyaya, weka plagi kavu na uiwashe siku hiyohiyo, kisha uiache ifanye kazi hadi ipate moto kabisa. Kwa mapigo manne, badilisha oili tena baada ya hapo, hadi itoke bila weupe.

Na kama fundi hapatikani hadi kesho na wewe huwezi kuifungua, izamishe nzima katika pipa la maji baridi na uiache humo hadi atakapofika.